Eda Ndani ya Boti

Buyenzi, Bujumbura
29 Septemba 2024

Wifi yangu Mwanahamisi,

Salamu zitakuja mwishoni, kwanza moyo wangu utulie. Toba! Jana Seth wa hiace ameingia hapa uani na mfuko wa samaki, ndagala kavu, akakaa, akanywa chai yangu, kisha akasema mbele ya wanawake wote waliokuwa wanachambua mchele: "Mama Mwasiti, wifi yako hajambo. Nimemuona Minago, amekaa juu ya madumu ya mawese, boti inatoka." Nikamuuliza, wifi gani? Akasema, "Kwani iko wifi mwingine? Si yule mjane wa marehemu Rachidi."

Kikombe kilinitoka mkononi.

Mwanahamisi, ndugu yangu hata mwezi hajatimiza kaburini. Wewe uko eda. Eda! Mjane anakaa ndani ya nyumba aliyoachwa na mumewe miezi minne na siku kumi, hapaki wanja, hajitii manukato, haonekani njiani pasipo haja. Hiyo si sheria ya Mwasiti, ni ya Mungu. Sasa Minago ulifuata nini?

Najua nyumba yenu ya Rumonge ililiwa na ziwa mwaka ule maji yalipopanda, na tangu hapo wewe na marehemu mlilala botini. Lakini siku ya mazishi nilikwambia mbele ya watu: njoo Buyenzi, chumba cha nyuma iko tayari, kitanda iko, pazia iko. Ukanijibu "nitafikiri, Dada". Kumbe kufikiri kwako ni kupakia mawese!

Nakuandikia barua kwa sababu simu haina siri hapa. Sauti yako ikiingia, uani wote unaisikiliza, na nyuma yako itasikika moteri inalia. Jibu mpe Seth. Na uje haraka kabla Hamidou hajasikia. Unamjua mdogo wangu yule, akikasirika hana breki.

Haya, salamu. Feruzi msalimie.

Mwasiti


Bandarini Rumonge
5 Oktoba 2024

Dada Mwasiti,

Amahoro. Pole ya kikombe.

Umeandika kwamba mjane anakaa ndani ya nyumba aliyoachwa na mumewe. Kweli kabisa. Nami niko ndani yake. Nyumba yenyewe inaitwa Mungu Iko, imeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu na mkono wa Rachidi mwenyewe, na moteri ikiwaka nyumba inatembea. Sasa unataka nifanyeje? Niruke nibaki ufukweni Rumonge, niingojee nyumba irudi? Hapo ndipo nitakuwa nimetoka eda!

Boti ikilala bila kazi mbao zinaoza, na sisi tunakula nini? Anayeiongoza ni Feruzi, ndugu yangu wa tumbo moja. Wa moteri ni mzee Tarsisi, magoti yake yanalia kuliko hiyo moteri. Mwanamume mwingine hapandi. Nimefunga turubai, upande wa mbele ni wangu, wa nyuma ni wao.

Na usidhani nimekaa kama bibi arusi. Alfajiri nakumba maji yaliyoingia usiku, ndoo kwa ndoo. Nasali. Nawasha makaa, chai. Naosha madumu kwa maji ya moto na majivu. Nasonga bugari, nakaanga ndagala, nafua, naziba nyufa kwa pamba, na nikimaliza ya mwisho ya kwanza inanisubiri. Miaka mitatu ndiyo maisha yangu hayo. Rachidi alikuwa ananiita, "Njoo utazame, mke wangu, milima imekaa vizuri leo," nami namjibu, "Ngoja, ndagala zinaungua." Nimepita pwani hii yote nikiwa nimeipa mgongo, uso uko kwenye sufuria.

Sasa nikwambie ukweli, Dada. Siku ya tatu ya matanga Hamidou aliniita pembeni, akasema: kaka hakuacha mtoto, boti ni ya ukoo, siku eda inaisha unanipa ufunguo wa moteri. Sikubishana. Sheria iko hivyo. Fungu langu la mjane nitapewa, lakini mtu halali ndani ya fungu. Hii ndiyo nyumba niliyobaki nayo, na eda ikiisha sina. Basi nimesema, kazi nitafanya, na macho nayo yatafanya kazi yake. Nitaiaga pwani ya mume wangu.

Alhamisi tulimaliza kupakia mapema, nikamshika Feruzi mkono, twende Mugara. Nimezeeka Rumonge, Mugara iko hapo tu, na sijawahi kuyaona yale maji ya moto. Nilitia miguu nikapiga kelele! Dada, maji yanatoka ardhini yanaunguza, na hakuna kuni chini yake! Wanawake waliokuwa wanaoga walicheka mpaka wakakaa. Kabla ya magharibi nilikuwa nimerudi nyumbani kwangu, nimelala nyumbani kwangu. Sheria ilitaka nini kingine?

Wifi yako,
Mwanahamisi


Buyenzi
12 Oktoba 2024

Mwanahamisi,

Miguu! Umetia miguu! Astaghafirullah, mjane anakwenda kuogelea Mugara, na anaandika kwa mkono wake!

Barua yako nimeipokea arusini kwa kina Zuwena. Nikaifungua palepale kwa haraka, nikaisoma, hasira ikanipanda mpaka kichwani, na wanawake wakaniuliza, kuna nini? Nikasema, "Hakuna kitu, wifi yangu amegeuka mtalii." Walicheka arusi nzima. Mimi sikucheka.

Nilikwenda kwa Shehe. Nikamuuliza, nyumba inayotembea ni nyumba? Akaniuliza, inatembea vipi? Nikamweleza. Akashika ndevu, akasema atatazama vitabu. Mpaka leo anatazama. Kama angekuwa na la kukukataza angelisema siku ileile, hilo nalijua, na ndilo linaloniudhi.

Hamidou amepata mnunuzi, mtu wa Uvira. Atakuja naye Rumonge tarehe kumi Januari, siku eda yako itakapokuwa imeisha. Mimi pia nina fungu humo, na sitakudanganya kwamba silitaki. Mvua ikinyesha hapa nalala na beseni. Lakini sikutaka nilipate kwa kukuona wewe unasemwa njiani. Kama hutaki kuja, basi kaa nyuma ya turubai, funika uso, pitisha siku zako. Mbona ni ombi dogo?

Mwasiti


Nyanza-Lac
2 Novemba 2024

Dada yangu,

Nimekaa nyuma ya turubai kama ulivyotaka. Nimekaa asubuhi nzima. Mchana nimetoka.

Usinikasirikie. Kuna utaratibu sasa. Kabla ya adhuhuri ni kazi, baada ya adhuhuri, kama boti imetia nanga, tunatazama. Kigwena tulisimama tuuone ule msitu, nikakaa kwenye gogo niwapakulie chakula, mara nyani akashuka, akachukua mfuniko wa sufuria yangu, akapanda nao juu, akawa anajitazama uso ndani yake! Niliganda. Tarsisi alimrushia jiwe, na mfuniko umebaki msituni. Mpaka leo nafunika bugari kwa sahani.

Hapa Nyanza-Lac watu wengi ni wale wakimbizi waliorudi kutoka Tanzania. Dada, Kiswahili chao! Muuza nyanya anakwambia "samahani" na "tafadhali" kama redio. Nikasema "nyanya iko bei gani?" akanitazama kwa huruma. Nimecheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka kwa sauti tangu msiba. Kisha nikalia hapohapo sokoni.

Liko jambo linanishangaza na kunitia aibu, sijamwambia mtu. Mimi, mtoto wa ziwa, natapika. Nimezaliwa juu ya maji haya, sijawahi kuchafukwa hata ziwa likiwa limekasirika. Sasa boti imefungwa, maji yametulia kama yako kwenye sahani, mimi nimeinama ukingoni. Harufu ya mawese ambayo nimekua nayo, siiwezi. Tarsisi ananipa tangawizi, haisaidii. Na tumboni kuna upepo. Ukifika wakati wa magharibi unaanza kutembea, upande huu, upande huu, kama ndagala ndani ya wavu. Usiku naamka natamani udongo, ule wa kuta za Buyenzi mvua ikishapita. Mambo gani haya? Nguo zimenibana ingawa sili kitu.

Ile desturi ya kila mwezi ilikwisha hata kabla Rachidi hajafa. Sikushangaa, nina miaka arobaini na mitatu, mama yangu naye aliacha mapema. Nadhani ni huzuni. Mtu akilia sana mwili unaharibika. Kama unajua dawa, mpe Seth.

Mwanahamisi


Buyenzi
9 Novemba 2024

Mwanahamisi! Mwanahamisi! Mwanahamisi!

Nakuandikia hapahapa sakafuni niliposomea barua yako.

Mimi nimezaa sita, nimekanda matumbo ya nusu ya Buyenzi. Upepo hautembei kila magharibi. Upepo hautamani udongo. Mwanamke wewe, una mimba!

Usishike dumu. Ndoo ya kukumba maji mpe Feruzi. Barua hii ikifika weka chini kila ulichoshika uende hospitali ya Rumonge, wakutazame kwa ile mashine. Miaka kumi na minane ya ndoa! Yarabi, Rachidi! Ndugu yangu maskini!

Sasa sikiliza. Mjane mwenye mimba eda yake haiishi kwa miezi minne na siku kumi. Inaisha siku anapojifungua, hata iwe lini. Na mali ya marehemu haigawanywi mpaka mtoto atoke tumboni. Akiwa mtoto mwanamume, mimi na Hamidou hatuna letu, boti ni yake na yako. Nakuandikia haya huku nayaona mabati mapya niliyotaka kununua yanaruka. Yaruke! Acha yaende!

Nijibu upesi nisije nikafa kwa presha.

Mwasiti


Rumonge
18 Novemba 2024

Dada,

Ni kweli.

Daktari ni msichana mdogo, nilidhani atanicheka. Alinipaka kitu cha baridi tumboni, akageuza kile kioo cha mashine, akasema "sikiliza." Nikasikia mtu anapiga hodi haraka haraka. Nikamuuliza ni moteri ya nini hiyo? Akasema, "Mama, ni moyo wa mtoto." Anasema ni miezi mitano karibu. Akaniuliza mume yuko wapi, nikamwambia amekufa mwanzoni mwa Septemba, akahesabu kwa vidole, akanishika bega. "Alikuwepo, Mama," akasema. "Mtoto alikuwepo kabla ya msiba."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Dada, nililia mpaka mlinzi akaniletea kiti. Waliniita tasa usoni, nawe unajua. Walimwambia aoe mwingine, akawa anawacheka. Siku ile ya mwisho asubuhi alikuwa amekaa mbele yangu, ananiomba chumvi, na mtoto wake yuko palepale katikati yetu, na wala hatukujua, mimi wala yeye! Nampa chumvi! Hilo linaniua.

Naogopa kufurahi. Feruzi ameninyang'anya ndoo. Tarsisi amewasha mshumaa kwa watakatifu wake, nikamwambia washa tu.

Hamidou mwambie wewe, karatasi ya hospitali iko ndani ya bahasha hii. Mimi ni mjane, siwezi kumwandikia mwanamume habari ya tumbo.

Mwanahamisi


Bujumbura
1 Desemba 2024

Shemeji Mwanahamisi,

Dada Mwasiti ameniletea habari ya tumbo lako na karatasi ya hospitali. Nimesoma.

Kaka yangu aliishi nawe miaka kumi na minane hakupata mtoto. Amekufa, umeanza kutembea, ukapata. Watu wa Bujumbura wana akili, Shemeji. Karatasi inanunuliwa kama ndagala. Aliyekaa eda yake ndani, nani atamuuliza? Aliyezunguka Minago, Mugara, Nyanza-Lac, na wanaume wawili botini, mmoja wao si ndugu yake, huyo atajibu. Na si mimi niliyesema. Dada yangu mwenyewe alitangaza arusini kwamba umekuwa mtalii. Mji mzima unalo neno hilo.

Tarehe kumi Januari nakuja na mnunuzi. Mtoto ukizaa, mtafutie jina. La kaka yangu usiliguse.

Hamidou


Minago
6 Desemba 2024

Dada Mwasiti,

Nakutumia barua ya Hamidou uisome mwenyewe. Mimi nimeisoma mara moja, mara ya pili macho yalikataa.

Tarsisi! Anamsema Tarsisi! Mzee wa rozari, ana wajukuu kumi, anayegeuza mgongo nikianika kanga! Amesikia, amekunja nguo zake, anasema ataondoka nisichafuke. Nimemshika mkono nikamwambia ukiondoka ndiyo watasema kweli.

Neno lako hilo la arusini. Ulilitupa ukiwa na hasira, watu wakacheka, ukaenda nyumbani ukalala. Sasa limenifika mimi ni msumari. Ungeninyamazia tu, Dada! Nilikuandikia wewe, sikuiandikia arusi ya kina Zuwena! Nilitaka mtu mmoja duniani ajue kwamba nimeona maji ya moto.

Boti waichukue. Nasema kweli, waichukue, nitalala chini ya michikichi. Lakini mtoto wa Rachidi kuitwa mtoto wa njiani, hilo sikubali. Sikubali! Wewe ndiye uliyesema, sasa sema tena.

Mwanahamisi


Buyenzi
10 Desemba 2024

Wifi,

Nimesema. Nimezunguka nyumba zote zilizokuwa arusini, nimesema mpaka sauti imekauka. Mdomo huponza kichwa, na mimi mdomo wangu umeponza kichwa cha mwingine. Wanaitikia "ndiyo, Mama Mwasiti," nikitoka nakisikia kicheko nyuma ya pazia. Hamidou amenifungia mlango.

Basi maneno yamekwisha, inabaki kalenda. Mimba ya Rachidi itazaa Aprili. Mimba aliyoizua Hamidou, ya baada ya msiba, ingezaa Juni au Julai. Hilo hata mlevi anaweza kulihesabu. Lakini wakisikia umezaa Aprili watasema umezaa njiti, au umeficha tarehe. Anatakiwa mtu wa kuona kwa macho, mtu wa upande wao, ambaye boti ikipotea na yeye anapoteza.

Nakuja kukaa. Nitalala ubavuni mwako mpaka uzae. Unajua naliogopa ziwa, nimekaa Bujumbura umri wangu wote na sijawahi kukanyaga kitu kinachoelea. Mwambie Feruzi aweke ubao mpana. Na asicheke.

Mwasiti


Muhuta, ndani ya boti Mungu Iko
24 Januari 2025

Hamidou mdogo wangu,

Najua bado umekasirika. Tarehe kumi ulikuja bandarini na mtu wako wa Uvira, ukanikuta nimekaa katikati ya ubao, nimeshika mwavuli, nikakwambia mpite juu yangu. Ulirudi nyuma kwa mshangao, mkaondoka. Nami nilishangaa kama wewe. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi, kwa maana chini ya ubao kulikuwa na maji na nilikuwa naona giza.

Nimetapika wiki mbili, sasa nimezoea. Naandika ili ujue ninachokiona, kwa kuwa wewe hukioni. Huyu mwanamke unayemsema anaamka kabla yangu. Nimemkataza ndoo, anachukua kopo. Tarsisi hakanyagi upande wetu wa turubai, hata chai tunampitishia chini. Jua likishuka tuko nyumbani sote, tumelala. Ikiwa hii ni zinaa, basi hata mimi nimo.

Kazi nimegawiwa. Naosha madumu, mimi Mwasiti, na mikono imepasuka. Lakini baada ya adhuhuri, mdogo wangu, tunatazama! Wanawake wanafua juu ya mawe na watoto wanaruka majini bila hofu. Milima ya Kongo inatoka ukunguni ghafla, mikubwa, nikapiga yowe nikidhani ni mvua inakuja. Viboko walitoka jirani yetu wakapiga miayo, nikasoma shahada. Miaka sitini na nne nimekaa dakika kumi kutoka kwenye ziwa hili nikiangalia ukuta wa jirani! Nimemuomba wifi msamaha kwa neno langu. Alinipa samaki upande wa kichwa, kama anavyopewa mkubwa. Nikaelewa.

Waliotutangulia walisema kitanda hakizai haramu. Mtoto ni wa ndoa mpaka ithibitike vingine, na wewe huna ushahidi, una kicheko cha arusini tu, nilichokianzisha mimi. Lakini sikuombi uamini. Nakuomba ungoje Aprili. Akizaa Juni, ufunguo wa moteri nakuletea mwenyewe, na mbele ya msikiti nitasema nilikuwa mjinga.

Mwasiti


Bandarini Rumonge
8 Aprili 2025

Hamidou,

Amezaliwa.

Jana mchana, kati ya Minago na Rumonge. Tulikuwa tunamkimbiza hospitali, mafuta yakatuishia. Wiki nzima mji hauna mafuta, unajua. Moteri ikazima katikati ya maji. Nikapiga kelele, Feruzi! Akashika kasia. Tarsisi akashika la pili, na magoti yale, huku anamuita Maria wake, na mimi namuita Mungu wangu, na mwanamke yule hakutuita sisi wala nani, amenishika mkono tu, mpaka sasa siwezi kukunja vidole. Ziwa likaanza kuturusha. Mimi, ambaye beseni la maji linanitisha! Sikuogopa, sikuwa na nafasi. Nilipiga magoti kwenye mawese yaliyomwagika, nikampokea kwa mikono hii.

Mtoto mwanamume. Hakulia. Alikuwa wa buluu, Hamidou. Nikampiga, hakulia. Nikamgeuza, nikamfuta mdomo kwa kidole, nikampulizia, nikamwambia, lia, baba, lia, nimetoka Buyenzi kwa ajili yako! Feruzi aliacha kasia, akageuka. Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, na sisi sote tukalia naye, Tarsisi kuliko wote.

Si njiti. Muuguzi wa Rumonge amempima mbele yangu, mtoto wa miezi tisa kamili, mnene, kucha zimepita ncha za vidole. Sitakuandikia kwamba amefanana na Rachidi, watoto wachanga wote wanafanana na wazee wenye ghadhabu. Nakuandikia mwezi. Tuko Aprili. Kahesabu kurudi nyuma, uone kaka yako alikuwa wapi.

Mama yake mzima. Eda yake imeisha jana. Amelala, na hajaniuliza habari ya boti hata mara moja. Ameuliza jambo moja tu, nani atamwadhinia mtoto.

Maana hajaadhiniwa. Imamu wa hapa alikuja asubuhi, amevaa kanzu safi, nikamrudisha. Feruzi ni mjomba, angeweza, nikamkataza. Adhana ya kwanza sikioni mwa mtoto anaisoma baba yake. Baba yake hayupo, basi ni ndugu ya baba, na ndugu ya baba ni wewe tu. Na lijue kabisa kabla hujapanda gari: ukimwadhinia umemkubali, na ukimkubali boti ni yake, wewe na mimi tunarudi Bujumbura mikono mitupu.

Seth anaondoka sasa na barua hii. Nakungoja mpaka kesho adhuhuri. Usipofika, nitasimama juu ya boti, katikati ya bandari, siku ya soko, nitamwadhinia mimi mwenyewe kwa sauti yangu hii unayoijua. Mwanamke! Nao wakuulize ukoo wetu umekosa wanaume tangu lini.

Dada yako,
Mwasiti


Bujumbura
8 Aprili, jioni

Dada,

Usiadhini. Gari la Seth limejaa, nampa karatasi hii atangulie. Nakuja na la kwanza alfajiri. Mshikeni vizuri kichwa.

Hamidou,
baba yake mdogo